Maswali ya Wasomaji: Pabu ya kijijini mchana, kilima baadaye

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Uingereza, na karibu zote zinauliza jambo moja. Likizo ya Krismasi ikifika, wenyeji hutoka mjini, wakala mchana kwenye pabu, yaani baa ya kijijini inayopika, kisha wakapanda kilima. Nasi tunataka, wanasema wasomaji, ila tusije tukaharibikiwa. Tumechagua barua nane.

Tuko watu sita, tunakaa Sheffield. Tarehe 28 Desemba tutapanda treni hadi kijiji cha Edale, tule pabuni saa 7 mchana, kisha tupande Mam Tor na kurudi kituoni. Tumeambiwa ni kilima cha mita mia tano tu. Saa tano za mwanga si zitatosha?

Saa tano hamna. Mwishoni mwa Desemba jua la Edale huchomoza kama saa 2:20 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri kwa dakika chache. Ikishazama, mnabaki na mwangaza hafifu wa nusu saa na ushei, basi. Watu sita mkikaa mezani saa 7, chakula kitafika saa 7:30, mtamaliza, mtaletewa kitindamlo, mtagombania nani alipe, na mkibahatika mtasimama saa 8:30. Hapo mmebakiwa na saa moja na nusu isiyotimia.

Sasa pigeni hesabu ya njia. Kanuni inayotumika hadi leo ni ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892. Kwa vipimo vya sasa inasema hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, na ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Mzunguko wa kutoka kijijini Edale hadi Hollins Cross, kufuata mgongo wa kilima hadi kilele cha Mam Tor chenye mita 517, kisha kushuka tena bondeni, ni kama kilomita 8. Kijiji chenyewe kiko karibu mita 250 juu ya bahari, kwa hiyo mnapanda mita 270 hivi. Kilomita 8 ni dakika 96, kupanda ni dakika 27. Jumla saa mbili na dakika tatu. Lakini Naismith alikuwa mpanda milima. Hakuhesabu tope, picha, wala mtu aliyetoka kushindilia viazi na nyama. Ongezeni theluthi, mtapata saa mbili na dakika 45. Mkiondoka saa 8:30, mtafika kituoni saa 11:15, giza totoro.

Ushauri wetu ni kugeuza ratiba: kilima kwanza. Anzeni kutembea saa 3:30 asubuhi, mtakuwa mmerudi saa 6:15, mbadilishe viatu, na meza yenu ya saa 7 itawakuta mna njaa ya haki.

Kama lazima mle kwanza, shikeni meza ya saa 6 kamili jiko linapofunguliwa, agizeni mara tu mnapokaa, acheni kitindamlo, ondokeni saa 7:30, na msiende Mam Tor. Nendeni Hollins Cross tu, penye mwinuko wa karibu mita 390. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 5 na kupanda mita 140: dakika 74 za Naismith, 100 mkiongeza theluthi. Mnarudi saa 9:10, mwanga ungalipo. Kutoka hapo juu mtaona mabonde yote mawili, la Edale na la Castleton, na hilo ndilo watu wengi wanalolifuata. Wekeni pia saa ya kugeuka kabla hamjaondoka mezani. Ikifika saa 8:45 hamjafika juu, mnageuka, hata kama zimebaki hatua mia mbili. Saa hiyo ikipangwa mlimani haipangwi na akili. Hupangwa na ubishi.

Mawili ya mahali penyewe. Upande wa Edale unatazama kaskazini, kwa hiyo wakati wa baridi jua haliugusi vizuri, na barafu iliyoganda usiku juu ya mawe ya njia inaweza kubaki mchana kutwa. Kukiwa kweupe na baridi kali bondeni, tarajieni mawe yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Na msikate njia kwa kushuka upande wa mashariki wa Mam Tor. Ule mteremko ni maporomoko ya tabaka za mawe laini ambayo hayajatulia mpaka leo. Barabara kuu iliyopita chini yake iliachwa kabisa mwaka 1979 baada ya kutengenezwa tena na tena.

Tulikaa mezani dakika arobaini, hakuna mhudumu aliyetujia. Tulipouliza, jiko lilikuwa limefungwa. Je, tulibaguliwa?

Inawezekana kabisa kwamba mlikuwa mnasubiriwa ninyi. Kwenye pabu ya kawaida hakuna anayekuja mezani kuchukua oda. Mnatafuta meza, mnaangalia namba yake (mara nyingi imepigiliwa pembeni au imeandikwa kwenye kijiti), mmoja anakwenda kaunta na oda ya watu wote, anataja namba, analipa papo hapo au anaacha kadi, na anarudi na vinywaji mwenyewe. Chakula ndicho huletwa. Kaunta haina foleni inayoonekana, lakini foleni ipo: mhudumu anajua nani alitangulia, na kupunga mkono au kuita kwa sauti ni utovu wa adabu. Simama, mwangalie, subiri. Ukiulizwa kabla ya aliyekutangulia, sema yeye ndiye anayefuata. Utapendwa siku nzima.

Jiko na baa ni vitu viwili. Baa inaweza kuwa wazi hadi usiku, na jiko likazima saa 8 au 8:30 mchana, kisha likafungua tena jioni. Ubao wa nje ukisema 12 – 2.30, hiyo ni saa 6 hadi saa 8:30, na ni saa ya mwisho ya kuagiza. Hapa wasomaji wetu hujikwaa kwa lugha pia: ukijaza fomu ya meza ukaweka 7 ukiwa na maana ya saa saba, utaandaliwa meza ya usiku.

Wakati wa likizo piga simu siku kadhaa kabla. Tarehe 25 pabu zinazopika huwa na menyu moja, iliyoagizwa na kulipiwa wiki kadhaa nyuma. Mtu hajitokezi tu mlangoni. Tarehe 26 hujaa. Tena tarehe 25 treni hazitembei kabisa, na tarehe 26 zipo kwenye njia chache sana, kwa hiyo asiye na gari azisahau siku hizo mbili.

Bahashishi: ukinunua kinywaji kaunta hutoi. Ukiletewa mlo mezani, asilimia 10 ni uungwana, si sharti. Soma risiti kwanza isije ikawa imeshaongezwa.

Sisi ni Waislamu. Je, kuna cha kula pabuni zaidi ya chipsi?

Kipo, lakini msiamini jina la chakula, ulizeni kilivyopikwa. Hata chipsi zenyewe, sehemu nyingine hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na samaki wa kukaanga mara nyingi huvikwa unga uliokorogwa kwa bia.

Mlo mkuu wa Jumapili na wa likizo ni nyama ya kuoka, wenyewe wanaiita roast. Msichanganye na rosti yetu ya mchuzi mzito; hii ni vipande vikavu vya nyama iliyookwa nzima, na mchuzi unamiminwa juu. Nyama haitakuwa halali isipokuwa pabu iseme hivyo waziwazi. Wengi huagiza sahani ileile bila nyama, na hapo ndipo penye mitego. Viazi vya kuoka: kwa desturi hupikwa kwa mafuta ya bata bukini au ya ng'ombe. Yorkshire pudding, kile kibakuli cha unga, mayai na maziwa kilichovimba, huvimba kwa sababu unga hutiwa ndani ya mafuta yanayofuka moshi, na mafuta hayo kwa asili ni yaliyodondoka kwenye nyama. Ule mchanganyiko wa makombo ya mkate na majani uitwao stuffing mara nyingi una nyama ya nguruwe. Vile vijisoseji vya Krismasi, pigs in blankets, ni nguruwe ndani na nguruwe nje. Mchuzi hutokana na maji ya nyama, wakati mwingine na divai.

Kwa hiyo ulizeni sahani ya wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama, vegan. Neno hilo linakata mjadala wa mafuta yote ya wanyama kwa mara moja, na jiko linalolijua lina viazi vyake na mchuzi wake pembeni. Divai na bia halizuii, kwa hiyo swali la pombe liulizwe peke yake. Sheria inawataka wenye pabu wajue vizio 14, yaani vitu vinavyoleta mzio, vikiwamo maziwa, mayai, karanga na samaki. Pombe na nguruwe havimo kwenye orodha hiyo, na mhudumu asipokumbushwa hatavitaja.

Chaguo salama kidogo ni kiazi kizima kilichookwa na ganda lake kwa maharage. Supu ya siku nzuri, lakini ya njegere mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe ndani. Kwa kitindamlo, Christmas pudding ina brandi na kwa desturi mafuta ya ng'ombe. Mince pie haina nyama licha ya jina, lakini brandi huwamo mara nyingi. Sticky toffee pudding ni keki ya tende yenye mchuzi wa sukari na siagi, na kwa kawaida haina pombe. Mtu wa pwani ataielewa.

Vinywaji: cider ya huko ni pombe ya tofaa, si juisi. Shandy ni bia iliyochanganywa na soda. Ginger beer kwa kawaida haina kileo, lakini zipo zenye kileo, tazama chupa.

Painti moja ya bia kabla ya kupanda, si inapasha mwili joto?

Inapasha ngozi. Pombe hutanua mishipa ya damu ya juu, damu ya moto inakuja usoni na mikononi, unahisi vizuri, na joto la ndani linatorokea hewani. Painti ni mililita 568. Ikiwa na kileo cha asilimia 4, mwili wa mtu mzima unahitaji zaidi ya saa mbili kuimaliza, yaani matembezi yote. Ongeza na kukojoa kila mara kwenye upepo. Dereva akumbuke kwamba kipimo cha Scotland ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu tangu Desemba 2014, wakati England na Wales ni 80. Inyweni mkirudi, na dereva asinywe.

Nina jaketi zito la mjini, jinzi na raba nzuri. Nimeambiwa havifai. Kwa nini?

Shida ya jinzi ni pamba. Pamba hufyonza maji, huyashika, na ikilowa haizuii baridi tena. Inakuwa kitambaa cha maji baridi kilichobana paja. Na itakulowesha hata bila mvua, kwa sababu nyasi za huko Desemba huwa zimelowa mchana kutwa. Suruali yoyote nyepesi ya mazoezi ya kitambaa cha sintetiki ni bora kuliko jinzi ya bei kubwa, ukiweka suruali ya mvua juu yake.

Jaketi zito lina kosa jingine: halipunguziki. Ukipanda dakika kumi unatoka jasho, ukisimama kileleni jasho linapoa. Vaa tabaka tatu: fulana ya sufu au sintetiki, sweta jepesi la manyoya bandia, na koti lisilopitisha maji wala upepo. Vua moja kabla hujaanza kupanda, uondoke ukihisi kibaridi kidogo; vaa tena kabla hujasimama, si baada ya kuanza kutetemeka. Nguvu ya upepo haionekani kwenye kipimajoto cha bondeni. Bondeni nyuzi 5, mita mia tatu juu yake nyuzi 3, ukiongeza upepo wa kilomita 50 kwa saa ngozi inahisi kama nyuzi 4 chini ya sifuri. Kofia, glovu, na jozi ya pili ya glovu mfukoni, kwa kuwa ya kwanza italowa ukishika ukuta au ukianguka.

Raba zinakosa meno. Geuza kiatu: kama mifereji ya soli haifiki nusu sentimita, kwenye tope itajaa na kuwa laini kama sahani. Buti linalofunika kifundo, soksi moja nene, na kamba zikazwe upya juu kabla ya kushuka, la sivyo vidole vinagonga mbele kila hatua. Watu wengi huanguka wakishuka: mapaja yamechoka, na kisigino kinatangulia kwenye nyasi zilizolala. Hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, soli yote chini.

Mkila baada ya kutembea, beba viatu vikavu na mfuko wa plastiki. Pabu nyingi za vijijini zina sakafu ya mawe na haziogopi tope, lakini angalia mlangoni. Ukiona buti zimepangwa nje, vua.

Simu yangu ina ramani. Ya karatasi ya nini?

Kwa sababu betri ya simu huisha upesi kwenye baridi, na skrini haisikii kidole chenye glovu au matone ya mvua. Weka simu mfuko wa ndani karibu na mwili, ikiwa imejaa chaji, na ramani iwe imepakuliwa, maana mabonde hayo yana sehemu zisizo na mtandao. Kisha nunua ramani ya Ordnance Survey, idara ya ramani ya taifa, aina ya Explorer, yenye jalada la rangi ya chungwa, ya kipimo cha 1:25,000. Sentimita 4 ni kilomita moja, na kila mraba wa buluu ni kilomita moja kwa moja. Edale na Mam Tor zimo kwenye namba OL1. Njia za miguu za umma ni vistari vifupi vya kijani, virefu ni vya farasi pia, na herufi PH ni pabu. Mistari ya kahawia ya mwinuko ikikaribiana, ni mkali. Kama imebanana mpaka hujui uihesabu vipi, usipite hapo umeshiba.

Njia inapita kati ya shamba la mtu lenye kondoo. Tunaruhusiwa?

Kama ni njia ya umma kwenye ramani, ndiyo, ni haki yenu, na sheria ya mwaka 2000 imefungua pia maeneo mengi ya wazi ya vilimani England na Wales. Geti mliache mlivyolikuta: lililofungwa lifungwe, lililo wazi makusudi libaki wazi, huenda kondoo wanalipitia kufuata maji. Mbwa afungwe kamba. Gari msiliache kwenye maegesho ya pabu mkaenda kutembea bila kuomba. Wengi hukubali, wakiulizwa.

Ukungu ukishuka ghafla au mtu akivunjika mguu, tunafanya nini?

Ukungu peke yake: simameni, kusanyikeni, vaeni kila kitu, kisha rudini njia mliyokuja nayo mkiwa bado mnaiona. Kutafuta njia ya mkato ukiwa huoni ndiko kunakowafikisha watu kwenye magenge ya miamba. Kila mmoja awe na tochi ya kichwani, si ya simu, yenye betri mpya. Tochi moja kwa watu sita ni mtu mmoja anayeona na watano wanaojikwaa.

Mtu akiumia, mnyanyueni kutoka kwenye ardhi baridi: mkalisheni juu ya begi au kamba, mvikeni, mpeni kitu kitamu na chai ya chupa kama yu macho na anameza. Akianza kujikwaa maneno na kupepesuka, joto lake la ndani limeshuka. Akiacha kutetemeka wakati bado ana baridi, hali ni mbaya zaidi, si nafuu. Pigeni 999 au 112, ombeni polisi kwanza, halafu waambieni mnataka waokoaji wa mlimani. Someni namba za gridi, zile za mistari ya buluu, kutoka kwenye ramani, semeni mko wangapi na mna nguo gani, kisha msihame. Waokoaji hao ni wa kujitolea na hawatozi pesa, kwa hiyo msichelewe kwa kuogopa bili. Kama mtandao unapitisha ujumbe tu, 999 hupokea ujumbe pia, lakini kwa simu iliyosajiliwa mapema: tuma neno register kwenda 999 ukiwa bado nyumbani na ufuate majibu.

Na mtandao usipokuwapo kabisa, filimbi: milio sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Usiku fanya vivyo hivyo kwa tochi. Jibu ni milio mitatu. Ukiisikia usiache kupuliza. Wanahitaji sauti yako ili wakufikie.